Majina Kumi ya Mwalimu Vaelupe

Wifi yangu Vaelupe alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Akisema "Kaeni!" darasani, hata kuku waliokuwa wakiparura uwanjani walisimama kwanza kumsikiliza. Nilipoolewa hapa Falepua, miaka ishirini na miwili iliyopita, nikitokea Vaisiu, kijiji jirani kwa mwendo wa dakika ishirini na tano ukifuata barabara ya ufukweni, yeye ndiye aliyenipokea. Aliniangalia juu mpaka chini mbele ya wageni wote, akaniuliza: "Karibu, wifi. Kwenu mnajua kusoma, au tuanze na irabu?"

Watu walicheka mpaka mume wangu akaona haya. Nikamjibu kwamba kwetu tunasoma, ila hatupigi kelele. Tukapendana toka siku ile.

Alianza ualimu akiwa na miaka ishirini na mmoja, katika shule ya msingi ya hapahapa, chini ya lile paa refu la bati. Serikali yetu huleta walimu. Majengo ni juu ya kijiji. Baba mkwe wangu alibeba mawe ya msingi begani kutoka mtoni, na mpaka anakufa alikuwa akituonyesha kovu. Darasa la nane lilikuwa la Vaelupe kwa miaka kumi na tisa, na baadaye akaongezewa ualimu mkuu, bila kuongezewa mtu wa kumsaidia. Mumewe alikwenda Nyuzilandi kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, na kumbe huko kuna baridi ya kutosha kumsahaulisha mtu mke wake. Hawakuwa wamepata mtoto.

Fuatino aliletwa na binamu yetu akiwa wa miezi minane, amefungwa kwenye taulo, na wiki ileile binamu akapanda ndege. Hilo kwetu si ajabu. Visiwani Samoa watoto huzunguka kwa ndugu: huyu kapelekwa kumsaidia bibi, yule kapewa shangazi asiye na mtoto, na hakuna anayeuliza sana. Lakini Vaelupe hakumpokea Fuatino kama mtu wa kuazima. Alimlaza kifuani kwake miaka mitatu mizima, na mtoto alipoanza kusema, neno "mama" lilikuwa lake yeye peke yake.

Tatizo ni kwamba kusoma kulimgomea yule binti. Mikono yake ilikuwa na akili kuliko ya watu wazima. Akiwa na miaka tisa alisuka ukingo wa mkeka ambao mimi mpaka leo siuwezi. Akisikia nguruwe anakohoa nyuma ya nyumba, alikuambia ni yupi. Ila mpe ukurasa, maneno yanamtoroka. Vaelupe alikaa naye kila siku baada ya sala ya jioni, na mara nyingine niliisikia ile sauti kubwa ikipungua, ikapungua, mpaka ikawa ya kubembeleza. "Usijali," alimwambia. "Mtihani wa darasa la nane utaufanyia kwenye dawati la mbele, mimi nikiwa hapo. Upate ishirini, upate themanini, tutatoka darasani pamoja, wewe na mimi." Fuatino aliishikilia ahadi hiyo. Aliwahadithia watu dukani, kisimani, kila mahali, mpaka tukamtania kwamba anazungumza kama bibi harusi anayesubiri siku yake.

Sasa lazima niseme jambo letu moja, maana bila hilo hamtatuelewa. Falepua kila kitu husomwa kwa sauti. Mtu akitoa sadaka, jina lake linasomwa na alichotoa. Msiba ukiwepo, mikeka iliyoletwa inatangazwa mmoja mmoja na nani kaileta. Na matokeo ya shule vilevile. Jumapili baada ya ibada, katibu wa kamati ya shule anasimama kwenye ngazi ya kanisa na karatasi yake: ukoo, jina la mtoto, alama. Kisha anamalizia na wastani wetu na wastani wa Vaisiu, maana hao ndio watu wetu wa kupimana nao, katika mpira, katika kwaya, katika ukubwa wa paa la kanisa. Katibu huyo nilikuwa mimi. Kwa hiyo msinitafutie mtu mwingine wa kumlaumu.

Mwaka jana, mwezi wa Machi, barua ya wizara ikafika. Shule mbili kwenye pwani moja ni nyingi mno, itabaki moja. Itakayobaki ni ile yenye ufaulu bora wa madarasa ya juu, la sita mpaka la nane, mradi iwe na watoto wasiopungua sitini. Niliisoma barua hiyo mbele ya wazee wa koo, katika nyumba ya mikutano isiyo na kuta, wameketi kila mmoja kwenye nguzo yake. Nilipofika kwenye ile sitini, Mzee Lautasi, mwenyekiti wetu, alicheka.

"Sitini? Sisi tuna sabini na mmoja. Hilo limeshapita. Soma pale pa ufaulu tena."

Nikasoma tena. Wakaanza kupiga mapaja. Mtu mmoja akasema Vaisiu wataanza kuja kwetu na viti vyao kichwani. Vaelupe peke yake hakucheka, kwa sababu alikuwa anazijua alama.

Mwezi wa Juni ukafanyika mtihani wa majaribio wa wilaya. Nikapanda kwenye ngazi ya kanisa. Niliposoma wastani wetu, arobaini na moja, watu waliacha kujipepea. Niliposoma wa Vaisiu, arobaini na sita, nilitamani ngazi ipasuke nishuke nayo. Jina la Fuatino lilikuwa la mwisho katika orodha, na alama kumi na mbili. Nililisoma. Kazi ni kazi. Alikuwa amesimama na wasichana wenzake, gauni jeupe, kofia ya Jumapili, na akatabasamu, kama mtu aliyekanyagwa na hataki kumwaibisha aliyemkanyaga.

Wiki ile hatukupumua. Tukienda mpirani, wanawake wa Vaisiu wanatuita "arobaini na moja". Dada yangu wa kuzaliwa, tumbo moja, alinipigia simu kuniuliza kama nataka aniletee chaki. Dereva wa lori la mkate naye alijua. Mzee Lautasi akamwita Vaelupe kwenye mkutano wa kamati na kumwuliza, mbele yetu sote, kama amechoka.

"Sijachoka, mzee," Vaelupe akasema.

"Basi watoto wamechoka?"

"Watoto wengi wako sawa. Kuna wachache wanatuvuta chini."

"Wangapi?"

Ndipo akalisema lile jambo, na nataka lijulikane kwamba alilisema yeye, si mtu mwingine. "Karibu wote hao wana ndugu Vaisiu. Kama wangekwenda kukaa na shangazi zao kidogo, mpaka mtihani upite... Alama zao zingehesabiwa huko."

Kikao kizima kikalipuka kwa kicheko. Mzee mmoja alifuta machozi. Tutawapelekea mzigo na bado watatushukuru! Hakuna sheria inayomkataza mtoto kumtembelea shangazi yake. Nikachukua kalamu, Vaelupe akataja majina, nikaandika. Wengine wa darasa la nane, wengine wa la saba na la sita, kwa sababu mitihani ya madarasa hayo nayo iliingia kwenye hesabu ya wilaya. Yakawa tisa.

"Umemaliza?" Mzee Lautasi akamwuliza.

"Nimemaliza."

"Na wa kwako?"

Vaelupe aliinamisha kichwa. Alikuwa akiangalia mkeka.

"Mwalimu, wewe ndiye umesema. Hawa tisa wana mama zao. Unataka niende nikawaambie mama zao kwamba wa mwalimu mkuu, mwenye kumi na mbili, yeye abaki?"

"Fuatino nilimwahidi kitu, mzee."

"Sisi sote tuliwaahidi watoto vitu. Tuliwaahidi shule."

Vaelupe akanigeukia mimi. Ile sauti ya kuita ng'ambo ya mto sikuisikia. Nilisoma midomo yake tu. "Andika, wifi." Nikaandika jina la kumi. Mwandiko wangu ni mzuri, watu husifu.

Mdogo wake Vaelupe, Malama, ameolewa Vaisiu, kwa hiyo ndiko Fuatino alikopelekwa. Jumamosi asubuhi nilikwenda kusaidia kufunga vitu. Nguo za shule, mkeka wa kulalia, kikapu cha magimbi ya kumpelekea mama mdogo ili asiende mikono mitupu. Vaelupe alikuwa anazungumza mfululizo: mama mdogo ana mtoto mchanga, anahitaji mtu wa kumsaidia, wewe una mikono mizuri, ni miezi michache tu.

Fuatino alikunja gauni lake la Jumapili, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mtoto wa mama mdogo si ana miaka miwili?" akauliza.

"Ndiyo, lakini anasumbua."

"Na mtihani?"

"Utaufanyia kule. Mtihani ni uleule, mwanangu. Karatasi ni ileile."

"Mama, si ulisema dawati la mbele?"

Vaelupe akasema atakuja kumwona kila Jumapili. Mimi nikasema Vaisiu kuna kwaya nzuri. Nilijisikia mjinga nilipoyasema hayo, lakini nilikuwa nimeshayasema. Fuatino alituangalia mmoja mmoja, kisha akauliza swali ambalo mtoto wa alama kumi na mbili hakutakiwa kulijua. "Sione na Vaiola nao wanakwenda kusaidia mama zao wadogo?" Akabeba mkeka wake mwenyewe.

Jumapili ya kwanza Vaelupe alikwenda. Ya pili alikwenda. Ya tatu kulikuwa na masomo ya ziada kwa darasa la nane, na baada ya hapo kulikuwa na masomo ya ziada kila Jumapili.

Lililotumaliza ni ngazi ya kanisa. Mzee Lautasi aliamuru majaribio yasomwe kila mwezi, kuwatia watoto moto. Wale tisa na mmoja walipoondoka, lazima mtu mwingine awe wa mwisho. Mwezi wa Julai wa mwisho alikuwa mjukuu wa shemasi. Jumatatu yake, mama wa mtoto huyo alikuja kwa Vaelupe kupitia nyuma ya nyumba, uso umevimba kwa kulia.

"Mwalimu, niandikie barua ya uhamisho. Nina kaka yangu Vaisiu. Sitaki jina la mwanangu lisomwe tena vile."

Akamwandikia. Agosti wakaja wawili. Septemba wanne. Kila mama alikuja kivyake, kwa siri, akidhani ni yeye peke yake, na Vaelupe alikuwa na aibu ya kumkatalia mtu kitu alichokifanya yeye mwenyewe kwa mtoto wake. Kila barua ilipigwa muhuri wa shule. Daftari la mahudhurio lilikaa kabatini kwangu, na sikulijumlisha. Watarudi Januari, tulisema, kwani kila mwaka watoto huhesabiwa Januari. Kule Vaisiu walipokelewa vizuri, wakapewa madawati, wakalishwa. Nilipokwenda kwetu kwenye msiba, dada yangu akaniambia: "Tuleteeni na wengine, nafasi ipo." Nikadhani ananitania. Sisi tulikuwa tunahesabu alama. Wenzetu walikuwa wanahesabu vichwa.

Mtihani ulifanyika Oktoba. Matokeo yakatoka katikati ya Novemba: Falepua hamsini na nane, Vaisiu arobaini na mbili. Nilisoma namba hizo kwenye ngazi na sikuweza kuendelea kwa makelele. Nguruwe watatu walichinjwa. Tanuri la mawe likafukiwa saa kumi na moja alfajiri, na mpaka mchana kijiji kizima kilikuwa kinanukia majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui. Mzee Lautasi alimvika Vaelupe shada la maua, akacheza mbele yake, mzee wa miaka sabini na moja na goti bovu. Vaelupe alicheka, kile kicheko chake kizima, na akaniambia sikioni: "Kesho kutwa naenda kumchukua binti yangu."

Kesho yake akaja mkaguzi wa wilaya. Alikuwa kijana mpole, mwenye kwapa lililolowa jasho na faili la bluu. Alikula kilichobaki cha karamu, akashukuru, akaomba daftari. Akajumlisha mara mbili.

"Mko hamsini na wanne," akasema.

"Sabini na mmoja," Mzee Lautasi akamsahihisha.

"Walikuwa sabini na mmoja, mzee. Kumi na saba wamehama. Barua hizi hapa, nakala zilikuja ofisini. Sahihi ya mwalimu mkuu."

"Wale wako kwa shangazi zao! Nenda kawaulize. Kesho asubuhi nawarudisha wote, nawabeba mimi mwenyewe."

"Hesabu ya mwaka huu ni ya muhula wa mtihani, mzee. Iliandikwa kwenye barua ya Machi. Daftari la Vaisiu nimeshalifunga jana, wao wamepita sitini." Alikuwa anajisikia vibaya, nadhani, maana aliendelea kupanga karatasi zilizokwisha kupangika. "Hongereni kwa ufaulu, lakini. Kwa kweli mmeongoza wilaya."

Mzee Lautasi akamgeukia Vaelupe na kumwita neno ambalo sitaliandika. Kwa hasira hizohizo akanigeukia mimi, na mimi nilistahili. Vaelupe alilivuta lile daftari, akaanza kujumlisha mwenyewe kwa kidole, jina kwa jina, kama watoto wa darasa la kwanza, mpaka mkaguzi akasimama akaondoka huku yeye bado anahesabu.

Aliendelea na ile nia ya kumfuata binti yake. Nilimsindikiza, nilifikiri atahitaji mtu. Njiani aliniambia kwamba shule imekwenda, basi imekwenda, angalau sasa hakuna tena orodha, hakuna ngazi, mtoto arudi nyumbani alale. Alikuwa amebeba gauni jipya kwenye mfuko, la bluu, alilolishona mwenyewe.

Fuatino alikuwa anafagia kokoto mbele ya nyumba. Alipotuona akaweka ufagio chini, akainama kwa heshima, akageuka ndani.

"Mama!" akamwita Malama. "Wageni wamefika."

Mimi nilisikia. Vaelupe naye alisikia. Tukatandikiwa mikeka mizuri, ile ya wageni, upande wa mbele ambako huketishwa mchungaji. Fuatino akaleta kakao ya moto kwenye sinia, kikombe juu ya kisahani, na kitambaa cha kufutia mikono. Akampa Vaelupe kwa mikono miwili, akarudi kinyumenyume kwenda kukaa kwenye nguzo ya nyuma. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Mtoto aliyelelewa vizuri ndivyo anavyomhudumia mgeni, na aliyemfundisha ni Vaelupe mwenyewe.

"Nimekuja kukuchukua," Vaelupe akasema. "Turudi nyumbani."

Fuatino aliangalia magoti yake. "Nilipata kumi na tano," akasema. "Nitarudia darasa. Mwalimu wa hapa ameshaniandika."

"Hilo si neno. Utarudia ukiwa nyumbani. Utakuwa unatembea kuja huku na wenzako."

"Na Oktoba?"

"Oktoba nini, mwanangu?"

"Oktoba mtihani uko tena." Hakuwa na kiburi hata kidogo, aliuliza kama mtu anayetaka kujua basi linaondoka saa ngapi. "Nikipata kidogo tena, mtanipeleka wapi?"

Malama akamkemea, nyamaza, ndivyo unavyozungumza na mtu mzima? Vaelupe akainua mkono kumzuia. Nilingoja ile sauti. Nilitaka apige kelele, apige mkeka kofi, amvute yule mtoto kifuani kwa nguvu zake zote. Alikunywa kakao yake. Aliinywa yote mpaka masalia, akarudisha kikombe kwenye kisahani, akamshukuru Malama kwa maneno marefu yale yanayosemwa na wageni, na Malama akajibu kwa maneno marefu yanayosemwa na wenyeji. Gauni la bluu tuliliacha kwenye mkeka. Njiani alitangulia mbele, na mimi, mwandiko mzuri, nikamfuata nyuma.

Mwezi wa Januari shule yetu ilifungwa, na watoto wa Falepua wakaanza kutembea asubuhi kwenda Vaisiu. Wizara ilimpeleka Vaelupe hukohuko, darasa la tatu, chini ya mwalimu mkuu mwenye umri wa kuwa mwanawe. Darasa la nane liko upande wa pili wa uwanja. Mimi huenda siku za Jumatano kusaidia kupika uji wa watoto, kwa hiyo naona. Kengele ikilia watoto hupita mbele yake kwa mstari na kumwamkia mmoja mmoja, na Fuatino yumo, gauni la shule limepigwa pasi, nywele zimesukwa na mtu mwingine. Anainama kama wenzake.

"Shikamoo, mwalimu," anasema.

"Marahaba," Vaelupe anamjibu, kwa sauti ndogo ambayo mtu aliye upande wa pili wa dawati hawezi kuisikia.